Dirisha la Kuhesabia

Kazi yangu ni kukaa gizani ndani ya bwawa,
mbele ya kioo, kidole juu ya kitufe.
Dakika hamsini za kila saa natazama maji ya kijani;
kumi zilizobaki ni za chai, na za kupumzisha macho.
Samoni akipanda, nabonyeza: mmoja.
Akirudi chini, nabonyeza cha pili: toa mmoja.
Mwenye pezi dogo la mgongoni kazaliwa mtoni.
Aliyekatwa pezi katotolewa kwenye matangi ya serikali.
Mwaka wangu wa kwanza, wenye pezi walinichosha kidole.
Msimu huu nimefuma soksi nzima, na kisigino chake.

Twilla, ambaye watu wake waliuvua mto huu
kabla haujachorwa kwenye ramani yoyote,
ndiye aliyeniambia: samaki huyu hana dira,
ana pua.
Akiwa mdogo kama kijiti cha kiberiti hukariri maji ya kwao,
mizizi ya mwerebi fulani,
tope la ukingo huu na si la ule,
kisha huenda baharini miaka mitatu, minne,
na kurudi akinusa kijito kwa kijito
kama mtu apapasaye ukuta usiku, umeme umekatika,
akitafuta mlango wa chumba alichozaliwa.

Mwacha asili ni mtumwa, husema watu.
Huyu hakuacha.

Aprili matufaha huchanua bonde zima
na trekta hupita kati ya mistari zikitema ukungu.
Ikinyesha usiku, asubuhi mifereji hushuka mtoni
myeupe kidogo, kama maji ya kuoshea mchele.
Haiui, walisema wenye mashamba mkutanoni,
kipimo hiki hakiui samaki.
Ni kweli. Sijaona mzoga hata mmoja.
Dawa huwatia pamba tu,
ile pamba ya puani mwa maiti,
ila maiti huyu bado anaogelea.
Na wadogo zao, mwenzao akiraruliwa na ndege,
hawaisikii harufu ya hofu majini.
Hubaki pale pale, wakicheza.

Sikusema kitu mkutanoni.
Eleuterio, mume wangu, ndiye mwendesha trekta.
Tangi la nyuma ni lita elfu mbili, barakoa ni ya mwaka juzi,
na mkono mtupu haulambwi:
meno ya binti yetu yamenyooshwa kwa ukungu ule,
paa letu limeezekwa kwa ukungu ule.

Ila Jumapili moja niliyaunguza maharage makusudi.
Niliyaacha mpaka sufuria ikalia,
mpaka jirani akagonga kuuliza kuna nini.
Eleuterio alikuwa mezani, hatua nne kutoka jikoni,
anasoma matokeo ya mpira.
Nikampakulia meusi vile vile.
Akala. Akafuta sahani kwa mkate.
Akasema, asante, mama, yamekolea.

Leo, saa tisa na dakika kumi na saba,
kapita jike, mwenye pezi,
ubavu mwekundu, mkia umechanika kwa mawe.
Mmoja.
Akasimama katikati ya kioo, mdomo wazi,
akageuza kichwa kushoto, kulia,
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.
Akashuka. Toa mmoja.
Akapanda tena. Mmoja.
Nikajikuta nimesimama, kiganja kimegusa kioo,
namwambia kwa lugha ya mama yangu: pita, mwanangu,
ni juu, daraja la pili, kulia, penye mierebi.
Kama kwamba mimi ningejua.
Akashuka.

Kwenye daftari nimeandika saa, jinsia, pezi.
Penye jumla nimeandika sifuri,
kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuhesabu.